Akina Sykes na kromosomu ya baba

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Bryan Sykes, profesa wa jenetiki wa Chuo Kikuu cha Oxford, alialikwa kutoa mhadhara kwenye kampuni ya dawa ya Glaxo Wellcome. Mwenyekiti wa kampuni hiyo wakati huo aliitwa Sir Richard Sykes. Swali likaja lenyewe, lile ambalo watu wa jina moja huulizwa kila wakikutana: nyinyi ni ndugu? Wengi wetu tungecheka, tukasema "huenda", yakaisha. Profesa huyu alikuwa na maabara. Alimwomba mwenyekiti ajisugue shavu kwa ndani na kijibrashi, akaenda nacho Oxford, akalinganisha vinasaba vya mwenyekiti na vya kwake mwenyewe. Ile sehemu ambayo mwanaume huirithi kwa baba peke yake ilifanana. Kabla ya siku hiyo hakuna kati yao aliyejua babu yeyote waliyechangia.

Msomaji wa Dar es Salaam najua tayari anawaza akina Sykes wengine kabisa. Asubiri, zamu yao inakuja.

Watu wawili kufanana inaweza kuwa bahati tu, na profesa alilijua hilo. Akawaandikia barua wanaume wengine walioitwa Sykes wa Yorkshire, Lancashire na Cheshire, kaskazini mwa Uingereza, akiwachagua bila kujali nani anamjua nani, na kuwaomba sampuli. Mwishowe alikuwa na sampuli za wanaume 48. Makala aliyoiandika pamoja na Catherine Irven ilitoka mwaka 2000 katika jarida la American Journal of Human Genetics. Kati ya wale 48, wanaume 21 walikuwa na alama zile zile katika kromosomu ya baba. Majirani zao wa maeneo yale yale, wenye majina mengine, hawakuwa nazo. Waingereza wa sehemu nyingine za nchi nao walipimwa, hazikuonekana.

Waliostuka zaidi walikuwa wanahistoria wa majina, maana wao walitegemea kinyume chake. Sike, kwa lugha ya watu wa kaskazini mwa Uingereza, ni kijito chembamba kinachopita kwenye ardhi ya majimaji, na mara nyingi ndicho kilichokuwa mpaka kati ya shamba na shamba. Majina ya ukoo ya Kiingereza yaliganda hasa kati ya karne ya 13 na 15, makarani wa mabwana wa ardhi na watoza kodi walipohitaji kumtofautisha John huyu na John yule. Kijiji kizima kilikuwa na akina John, William na Henry, basi. Mmoja akaandikwa kwa kazi yake, mwingine kwa jina la baba yake, mwingine kwa utani aliopewa na wenzake, na mwingine kwa mahali alipojenga. Kodi ya kichwa iliyotozwa 1377, 1379 na 1381 imetuachia madaftari yenye majina ya watu wa kawaida kabisa, wakulima na wafumaji. Aliyekaa kando ya kijito akawa wa kijitoni.

Sasa vijito vya namna hiyo viko kila pembe ya kaskazini. Kwa akili ya kawaida, kila kijito kingeweza kumzaa Sykes wake, na akina Sykes wa leo wangekuwa mkusanyiko wa koo nyingi zisizohusiana, zilizokutana kwenye jina tu. Hivyo ndivyo maandishi ya kale yalivyoonyesha. Vinasaba vikasema karibu nusu ya watu wenye jina hili wametokana na mwanaume mmoja, aliyeishi kama miaka 700 iliyopita.

Kujua watafiti walifikaje hapo kunahitaji dakika mbili za biolojia. Karibu kila seli ya mwili wako ina jozi 23 za kromosomu. Jozi moja ndiyo ya jinsia: mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X na Y. Kromosomu nyingine, kila kizazi kinapopita, za baba na za mama hubadilishana vipande, hata ukirudi nyuma vizazi kumi huwezi tena kusema kipande hiki ni cha bibi fulani na kile ni cha babu fulani. Y haina mwenza wa kubadilishana naye, ukiacha ncha zake. Inatoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu kama ilivyo. Y ya mwanaume ni ya baba yake, ya babu yake mzaa baba, ya baba wa babu huyo, na kuendelea kurudi nyuma hadi huko ambako hakuna kumbukumbu. Na mila ya Waingereza ya kurithisha jina la ukoo inapita njia hiyo hiyo, kwa wanaume. Jina na kromosomu vinasafiri pamoja, ingawa hakuna aliyekusudia.

Nimesema karibu kama ilivyo. Ndani ya Y mna sehemu ambazo herufi chache za vinasaba hujirudia mfululizo, mara 12, mara 15, mara 23. Karani anayenakili ukurasa wenye neno moja lililoandikwa mara kumi na tano hupotea hesabu siku moja, akaliandika mara kumi na sita, na wote watakaonakili kutoka kwake wataandika kumi na sita. Seli nayo hufanya hivyo mara chache sana. Ukihesabu marudio katika sehemu kadhaa unapata safu ya namba, na wanaume wenye safu inayofanana au kukaribiana huelekea kuwa na babu mmoja upande wa kuumeni. Profesa Sykes alihesabu sehemu nne tu. Hapo mimi husita kidogo. Kwa wakati ule ilikuwa kazi nzuri, lakini siku hizi kampuni zinazouza vipimo hivi hupima sehemu 37, 111, hata zaidi, na anayesoma makala ya 2000 leo anapaswa kuchukulia ile hoja ya mwanzilishi mmoja kama dalili nzito tu. Kilichosimama mpaka sasa ni jambo kubwa zaidi ya jina la Sykes lenyewe, kwamba jina la ukoo linaweza kuacha alama inayopimika ndani ya mwili.

Mtu mmoja anapataje uzao mkubwa kiasi hicho? Wakati wa utafiti ule, wapiga kura wenye jina la Sykes Uingereza walikuwa karibu 10,000, na kitovu chao kilikuwa West Yorkshire, hasa Huddersfield na bonde la Mto Colne lenye vijiji kama Slaithwaite, nchi ya sufu na vitambaa. Jibu sehemu yake ni bahati. Mwaka 1873 Francis Galton aliuliza kwa nini koo maarufu hufutika, na mchungaji mmoja mwanahisabati, Henry William Watson, akamsaidia kupiga hesabu iliyochapishwa mwaka uliofuata. Ukiwaacha wanaume kadhaa waanze, kila mmoja na jina lake, na kila mmoja akazaa idadi ya wavulana inayoamuliwa na bahati, majina mengi hufa ndani ya vizazi vichache. Mmoja anapata mabinti watupu, mwingine wanawe wanafariki kabla ya kuoa, mwingine hazai. Na Uingereza ya karne ya 14 ilipigwa na tauni ya 1348 na 1349, ambayo inakadiriwa iliua kati ya theluthi na nusu ya watu. Inawezekana kabisa kwamba walikuwepo akina Sykes wa vijito vingi, na wengi wao wakapukutika. Aliyebaki akarithi jina lote. Hana sifa yoyote ya ziada, wavulana wake walipona.

Jina likishakua, huenea kwa kila aina ya watu. Sir Mark Sykes wa Sledmere, Yorkshire, ndiye aliyekaa na Mfaransa Picot mwaka 1916 wakaigawa Mashariki ya Kati kwa penseli. Alikufa Paris mwaka 1919 kwa homa ya mafua iliyoitwa ya Hispania, akazikwa kwenye jeneza la risasi, na mwaka 2008 watafiti walifukua kaburi lake wakitumaini kupata mabaki ya virusi. Jeneza lilikuwa limepasuka. Jina hili na maabara, inaonekana, vina urafiki wa muda mrefu.

Turudi kwenye wale 27 waliobaki kati ya 48. Wao alama zao zilikuwa mchanganyiko, hazikutofautiana na za Waingereza wengine. Walitoka wapi? Profesa Sykes na mwenzake walikisia kwamba katika miaka 700, hapa na pale, mtoto aliyeitwa Sykes hakuwa na Y ya Sykes. Likitokea mara moja, wajukuu wote wa kiume wa mtoto yule wanaingia kundi lingine milele, na kila kizazi kinaongeza wengine. Makadirio yao yalikuwa wastani wa 1.3 kwa mia kwa kila kizazi.

Magazeti yalilichukua hilo kama habari ya wake za watu. Ukilisoma kwa utulivu ni kinyume: maana yake karibu watoto 99 kati ya 100 walizaliwa na mwanaume aliyetajwa kuwa baba yao, karne baada ya karne, wakati hakuna kipimo na hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote. Utafiti wa kina zaidi ulifanywa Ubelgiji na Uholanzi na kundi la Maarten Larmuseau, ukachapishwa 2019. Walichukua jozi za wanaume ambao kwa maandishi ya ukoo walistahili kuwa na Y moja, wakapima kama wanayo kweli. Kwa familia nyingi kiwango kilikuwa chini, kuanzia 0.4 kwa mia. Kilipanda hadi karibu 6 kwa mia kwa maskini waliosongamana mijini mwishoni mwa karne ya 19. Mji wenye msongamano, umaskini, wanawake wanaofanya kazi majumbani mwa watu bila ulinzi wowote: nyuma ya namba ile mna mambo ambayo hayafanani kabisa na hadithi ya mke asiye mwaminifu.

Hapa Tanzania tumezoea kusikia takwimu nyingine. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali iliwahi kueleza kuwa karibu nusu ya wanaume waliofikishwa kwenye kipimo cha uhalali wa mtoto walikutwa si baba, na mitandao ikawaka. Takwimu hiyo na ile ya Ubelgiji hazipingani. Anayefika kwenye kipimo tayari ana kesi, ana ugomvi wa matunzo au ana shaka iliyomkosesha usingizi. Walio na amani nyumbani hawaendi. Ukipima joto la watu waliolazwa wodini, usitangaze kwamba nusu ya taifa lina homa.

Hata wafalme hawakunusurika. Mifupa ya Richard III, aliyeuawa vitani 1485, ilifukuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Vinasaba vinavyopita kwa mama vililingana na vya ndugu zake walio hai. Y yake ililinganishwa na ya wanaume wa leo ambao kwa nasaba iliyoandikwa wanatokana na Edward III kama yeye, haikulingana. Mahali fulani katika mnyororo ule wa vizazi vingi, angalau kiungo kimoja kilikatika, na ni mnyororo wa watu ambao nasaba yao iliandikwa kizazi kwa kizazi.

Mtaalamu aliyeongoza uchunguzi wa vinasaba vya Richard, Turi King, alikuwa tayari ameshatumia miaka akichunguza majina pamoja na Mark Jobling katika Chuo Kikuu cha Leicester. Mwaka 2009 walitoa matokeo ya wanaume 1,678 wenye majina 40. Kanuni waliyoikuta ni rahisi kuikumbuka: jina likiwa adimu, walionalo huwa ndugu kweli. Wanaume wa jina la Attenborough, lile la mtangazaji wa vipindi vya wanyama, asilimia 87 walikuwa ukoo mmoja. Akina Smith, ambao ni zaidi ya nusu milioni Uingereza, walifanana kama watu waliookotwa njiani. Inaeleweka. Smith ni mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Kwa hiyo Mwingereza aitwaye Smith akikutana na Smith mwenzake kwenye treni hana sababu ya kumwita binamu, wakati Attenborough mbele ya Attenborough aanze kuulizia bibi.

Katika kazi hiyo hiyo ya Leicester lilijitokeza jambo ambalo binafsi nalipenda kuliko yote. Mwanaume mmoja Mwingereza, mweupe, mwenye jina adimu la Yorkshire, alipimwa na kukutwa na Y ya tawi linaloitwa A1. Tawi hilo ni la kale mno katika mti wa wanaume wa dunia, na kabla ya hapo lilijulikana karibu peke yake kwa watu wachache wa Afrika Magharibi. Watafiti wakawatafuta wenye jina lake. Kati ya wanaume 18 waliopimwa, saba walikuwa nalo. Nasaba zao zilirudi kwenye familia mbili za Yorkshire za miaka ya 1780, na ndani ya familia hizo hakukuwa na masimulizi yoyote ya babu Mwafrika. Makala yao ilitoka 2007. Babu huyo aliingiaje? Huenda alikuja wakati wa biashara ya utumwa, Waafrika walipokuwa wakiletwa Uingereza kama watumishi. Huenda ni mapema zaidi, kwa kuwa jeshi la Roma lilikuwa na kikosi cha Waafrika kwenye Ukuta wa Hadrian karne ya 3.

Jambo hili linawachanganya watu, kwa hiyo tulitazame kwa karibu. Ukirudi nyuma vizazi kumi una mababu na mabibi 1,024. Mmoja wao akiwa Mwafrika, mchango wake katika mwili wako mzima ni kama moja ya elfu, na ngozi wala nywele haziwezi kukwambia chochote. Lakini kama huyo mmoja yuko kwenye mstari mnyoofu wa baba wa baba wa baba, Y yako yote ni yake. Kipimo cha Y kinamchukua mtu mmoja kati ya 1,024 na kumpa kipaza sauti. Waliobaki 1,023, wakiwemo wanawake wote, wananyamaza. Ndiyo maana mimi humshangaa mtu anayelipa dola zake, akapokea jibu la Y, kisha akatangaza kwamba sasa amejua yeye ni nani.

Majina yanaweza pia kufanya kazi kinyumenyume, kutoka kwenye vinasaba kwenda kwa mtu. Mwaka 2005 jarida la New Scientist lilisimulia habari ya kijana wa miaka 15 aliyezaliwa kwa mbegu za mwanaume aliyezitoa bila kutaja jina. Kijana alijisugua shavu, akatuma sampuli kwenye kampuni ya nasaba. Baada ya miezi tisa wanaume wawili waliokuwa kwenye kanzidata ile walionekana kulingana naye, wote wenye jina moja la ukoo lililotofautiana kidogo tahajia. Mama yake aliwahi kuambiwa tarehe na mahali alipozaliwa mtoaji. Kijana akanunua orodha ya waliozaliwa pale siku ile, akalitafuta jina, likawa moja tu. Siku kumi baadaye alikuwa anawasiliana na baba. Mtoaji mwenyewe hakuwahi kupima chochote. Mwaka 2013 kundi la Yaniv Erlich huko Marekani lilionyesha kwamba hilo halikuwa ajali: kwa kutumia kanzidata za nasaba zilizo wazi kwa wote, walikadiria kuwa wangeweza kupata jina la ukoo la wanaume weupe wa Marekani kama 12 kati ya 100 kutokana na Y zao tu, ingawa sampuli hazikuwa na majina.

Kwa hiyo mwanaume anayetuma mate yake anatuma na ya kaka zake, baba zake wadogo na wanawe, na hao hawakuulizwa. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009, inayotaka ridhaa ya anayepimwa, na kipimo cha uhalali wa mtoto hakiombwi kama kipimo cha malaria. Ombi hupitia vyombo kama mahakama au ustawi wa jamii. Kampuni za nje zinazopokea mate kwa posta haziko chini ya utaratibu huo. Kinachotukinga kidogo kwa sasa ni namna tunavyoitana. Wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, na kizazi kinachofuata la babu linadondoka na lingine linaingia. Juma Ali Hamisi na binamu yake wana Y moja, lakini majina yao ya mwisho yanaweza yasifanane. Jina halikai kwetu miaka 700. Labda lianze kuganda.

Na hapo ndipo wanaingia akina Sykes wa Dar es Salaam. Kijana wa leo analijua jina kupitia Dully Sykes na muziki wake. Wazee wanalijua kupitia Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU 1954, na ndugu zake Ally na Abbas, na kupitia baba yao, Kleist, aliyekuwa mwasisi wa African Association mwaka 1929 na ambaye mtaa unaitwa kwa jina lake mjini. Ukimpeleka mtaani hapo mgeni kutoka Huddersfield, ataliona jina lake kwenye kibao na atauliza lile swali la kwenye kampuni ya dawa.

Jibu liliandikwa na mjukuu wa Kleist, Daisy Sykes Buruku, katika kitabu cha maisha ya Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe na kutoka 1973. Babu wa ukoo alikuwa Sykes Mbuwane, Mzulu kutoka upande wa Inhambane, Msumbiji. Mjerumani Hermann von Wissmann aliwachukua yeye na wenzake mwaka 1889 kuja kupigana na Abushiri pwani ya Tanganyika. Sykes lilikuwa jina lake yeye. La ukoo lilikuwa Mbuwane. Alikufa maji katika Mto Ruaha akirudi kutoka vita dhidi ya Wahehe, akaacha mtoto mdogo, ambaye alilelewa na askari mwenzake, Affande Plantan. Mtoto akakua kwenye nyumba ya Plantan, na kwa miaka mingi mjini alijulikana kama Kleist Plantan. Baadaye akachukua jina la baba aliyemzaa. Akafanya kama afanyavyo Mwafrika yeyote, akaweka jina la baba nyuma ya lake. Wanawe wakaweka hilo hilo badala ya kuanza upya na Kleist, na wajukuu vivyo hivyo, na jina likaganda. Huo ndio mchakato uliofanyika kando ya kijito cha Yorkshire mbele ya karani wa kodi, ila huu wa kwetu una tarehe, una majina ya wahusika, na una watu waliouandika wakiwa bado wanawakumbuka wazee.

Mstari wa baba katika ukoo huu, kwa masimulizi yao wenyewe, unaanzia kwa Mbuwane. Hauhusiani na bonde la Colne. Majina mawili yanayoandikwa kwa herufi zile zile, moja la kijito na moja la askari, na hakuna daftari la majina duniani linaloweza kuyatenganisha kama huulizi historia.

Na mtazame tena Kleist kabla hajabadili jina. Lau angebaki Plantan, akazaa wana, nao wakazaa, na karne saba baadaye profesa fulani akawaandikia barua akina Plantan wote wa Dar es Salaam kuwaomba mate, uzao wa Kleist ungeangukia kwenye lile kundi la pili, la wasiolingana. Makala ingewahesabu ndani ya ile asilimia 1.3, na magazeti yangeandika kuhusu mama yake. Wangekuwa wamemwandika vibaya mwanamke aliyefiwa na mume, na kumsahau kabisa mzee Plantan, aliyemchukua mtoto wa rafiki yake akamlea kama wake. Kati ya wale 27 wa kaskazini mwa Uingereza, wangapi walianza na mto uliofurika, tauni, au baba wa kambo mwenye moyo? Sehemu nne za kromosomu Y haziwezi kutofautisha.